Kaunta buku 17 za Babu: shajara ya mradi, Tabora

Jumamosi, 13 Januari 2024

Leo tumefungua tranka la Babu. Bibi alikuwa amekataza lisiguswe mpaka arobaini ipite, na arobaini ikapita mwezi uliopita, lakini hakuna aliyepata moyo wa kulisogelea. Asubuhi akamtuma mtoto aje kuniita steshenari: "Bibi anasema njoo na bisibisi." Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi tung'oe pete yake.

Ndani mlikuwa na suti ya kijivu aliyokuwa akiivaa siku moja tu kwa mwaka, bereti, kopo la kiwi lililokauka, medali mbili zilizofungwa kwenye leso (ya Kagera na ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema), picha 23, na karatasi zake za kustaafu za mwaka 1995, cheo Afisa Mteule Daraja la Pili. Chini kabisa, zimepangwa kama matofali, kaunta buku 17.

Sote tulijua kwamba Babu anaandika. Kila jioni baada ya Isha alikaa barazani, miwani imeshuka puani, anaandika mistari michache kisha anafunga. Tulidhani ni hesabu za mizinga yake ya nyuki. Nimefungua moja bila kuchagua. Huu ndio ukurasa wa kwanza niliousoma, naunukuu ulivyo:

"14/3/2011. 0545 Nimeamka. 0610 Na. 5 na Na. 7 wametoka kwenda shule. Viatu safi. Na. 7 soksi moja. 1315 Na. 7 amerudi. Na. 5 bado. 1350 Na. 5 amerudi, alipitia mpirani. 2100 Milango imefungwa. H.S."

Na. 7 ni mimi. Babu alitupa namba kwa kadiri tulivyozaliwa, wa kwanza hadi wa 14, na ndani ya madaftari haya hamna jina hata moja la mjukuu. Aliyewahi kulinda lango la kambi ataijua namna hii ya kuandika: nani katoka, nani kaingia, saa ngapi, hali ikoje. Ni daftari la kota gadi. Babu aliacha jeshi mwaka 1995, akaendelea kuliandika nyumbani kwa miaka 28, na waliokuwa wanatoka na kuingia ni sisi.

Nimemwambia Bibi nitayachapa yote. Ameniuliza, "Yote, mume wangu?" Nikasema yote. Nimehesabu kurasa kwa makadirio: 2,900.

Jumapili, 21 Januari

Kikao cha familia. Baba Mkubwa anataka kijitabu cha kurasa 40, kianze na vita, medali ziwe kwenye jalada. Shangazi anataka picha ziwe nyingi kuliko maneno, maana watoto hawasomi. Mimi sikuwa na hoja, nilikuwa nimesoma kurasa 50 tu. Tumekubaliana nichape kwanza, kisha tuchague pamoja. Kila nyumba inachangia rimu moja ya karatasi.

Leo imetimia miaka 60 tangu askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati ule, walipoasi hapa Tabora, siku moja baada ya wenzao wa kambi ya Colito, Dar es Salaam. Baba Mkubwa ndiye aliyekumbuka tarehe, nami nikakumbuka kwamba Buku la 1 lina habari hiyo. Ni moja ya sehemu chache ambazo Babu ameandika kwa kirefu. Alikuwa na miaka 18, anauza karanga stesheni. Anasema mjini kulikuwa kimya na milango ya maduka imefungwa, na baba yake, ambaye alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, na alipigana Burma, alimkalisha chini ya mwembe siku nzima asitoke. Mzee yule ndiye aliyemweleza mwanawe kwamba hata jina la kambi ya Tabora ya wakati ule, Kalewa, lilitoka huko Burma walikopigana.

Jeshi lile lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi. Babu alipotaka kujiunga baba yake alikataa miaka miwili. Mwaka 1966 akakubali kwa sharti moja, na Babu ameliandika hivi: "Alisema, ukila kiapo, kitunze kuliko bunduki. Nikasema ndiyo Baba."

Jumamosi, 10 Februari

Buku la 1 na la 2 zimekwisha. Kurasa 338.

Nachapa usiku baada ya kufunga duka. Mchana naye binti anayenisaidia anachapa kidogo kidogo kukiwa hakuna wateja. Jana nimegundua tatizo la saa. Babu aliandika saa za jeshi, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Binti, kwa nia njema, alikuwa anazigeuza ziwe saa zetu, na 0610 akaiandika "saa sita na dakika kumi". Kwa hiyo kwenye kurasa 70 tulikuwa tunakwenda shule mchana na kurudi usiku. Tumerudia zote. Nimeamua saa zibaki kama Babu alivyoziandika, na mwanzoni mwa kijitabu tuweke maelezo ya mistari miwili: 0610 ni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi.

Vifupisho: H.S. ni "hali shwari", Bibi anaijua, alikuwa anaitamka kwa sauti kila usiku akikagua komeo. D.K. ni "dawa kapewa", inatokea sana miezi ya masika, wakati wa malaria.

Kuna kimoja hatujakielewa. Ukurasa wa kwanza wa kila buku una kichwa cha habari kwa herufi kubwa: WASIORUDI. Chini yake majina tisa. Majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, ameyanakili upya kila alipoanza buku jipya, mara 17. Mbele ya jina la tano ameandika M.M. Mengine manane hayana kitu. Baba Mkubwa anasema ni Masaka na Mbarara, miji ya Uganda iliyotekwa na jeshi letu kwenye vita ya Kagera, tarehe 24 na 25 Februari 1979. Inawezekana. Nimeandika hivyo kwa penseli.

Majina hayo tisa siyaweki humu. Yana wenyewe.

Jumamosi, 2 Machi

Leo hakuna kilichochapwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi amezikwa Mangapwani, na Bibi ametaka sote tukae naye mbele ya televisheni. Huyo ndiye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu wa Babu kwa miaka yake kumi ya mwisho kazini. Bibi aliwatazama wale askari waliobeba jeneza, akasema hatua zao ni sawa. Kisha akanyamaza mpaka mwisho.

Jioni nilifungua Buku la 3, nikakuta mchwa wamelitangulia. Kutoka nje ni zima, ndani ni udongo. Limebaki jalada, ukurasa wa WASIORUDI, na vipande kama vya kiganja. Hilo ni buku la katikati ya 1998 hadi mwishoni mwa 2000. Mimi nimezaliwa humo. Na. 6 naye alizaliwa humo na kufariki humo, malaria, hajatimiza miaka miwili.

Nilidhani basi, habari zake zimepotea zote. Lakini kuanzia Buku la 4 kila mwisho wa mwezi kuna hesabu, kama ile ya idadi ya askari kikosini. Mfano wa Septemba 2001: "Wajukuu 9. Waliopo 8. Na. 6 ametangulia." Oktoba vile vile. Novemba vile vile. Nimeruka mbele hadi Buku la 17: "31/10/2023. Wajukuu 14. Waliopo 13. Na. 6 ametangulia." Hakuacha hata mwezi mmoja.

Nimekumbuka Shangazi alipojifungua baada ya msiba ule, ndugu mmoja akapendekeza mtoto apewe namba sita ili pengo lizibe. Hadithi hii husimuliwa nyumbani. Babu alisema namba ya askari hapewi mtu mwingine.

Jumamosi, 23 Machi

Ramadhani. Nachapa dakika chache kabla ya daku. Buku la 4 nusu.

Alhamisi, 18 Aprili

Flashi imekufa. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikazima, na flashi haisomeki tena. Nakala ya Buku la 1, 2 na 4 ilikuwa pia kwenye simu. Ya Buku la 5 haikuwepo. Kurasa 64 zimekwenda. Kosa ni langu, nilijua nahitaji nakala mbili na sikuweka.

Nimeanza upya usiku huu huu. Kuanzia sasa kila ukurasa unapigwa picha kabla ya kuchapwa, na picha zinakwenda kwenye kundi la familia la WhatsApp ili zikae kwenye simu za watu kumi na zaidi.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, duka limefungwa. Nimekaa na Buku la 5, mwaka 2003, na M.M. imeanza kutokea kila siku.

"20/1/2003. 0625 Na. 4 ametoka. M.M. Mvua." "21/1/2003. 0625 Na. 4 ametoka. M.M." "22/1/2003. 0630 Na. 4 ametoka. M.M. Amefika hadi 7."

Masaka na Mbarara haziwezi kuwa na uhusiano wowote na mtoto wa darasa la kwanza. Nilipiga picha kurasa hizo nikazituma kwenye kundi na swali: nani anajua?

Na. 4 ni muuguzi, yuko Kigoma. Haikupita robo saa akanipigia. Alikuwa anashindwa kusema. Nikamsubiri. Mwishowe akasema, "Mgongoni mwangu."

Yeye alizaliwa mguu wa kushoto umepinda kwa ndani. Sasa ukimwona hujui, alifanyiwa upasuaji alipokuwa na miaka tisa, lakini mwaka 2003 alikuwa anatembea kwa kukanyagia ubavu wa unyayo. Shule ilikuwa ng'ambo ya reli. Kiangazi alijikongoja na fimbo. Masika njia ile ni tope la kuteleza, na Babu alimbeba mgongoni kwenda na kurudi. Mwanamume wa miaka 57, shati limechomekewa, mtoto mgongoni na mkoba wa mtoto kifuani. Dada anasema alikuwa anaona haya watoto wenzake wakimtazama, na Babu akamwambia, "Waambie wewe ni afisa, maafisa hawatembei."

Nikamuuliza ile "amefika hadi 7" ni nini. Akacheka na kulia kwa pamoja. Ni jedwali la kuzidisha. Babu alikuwa hamruhusu anyamaze njiani. Lazima ahesabu mataruma ya reli, au aimbe, au aseme jedwali kwa sauti. Akinyamaza hata kidogo Babu anasimama papo hapo, anamwita namba yake, "Na. 4! Na. 4!", mpaka aitike. Siku hiyo alifika jedwali la saba. Alimaliza la kumi na mbili mwezi Aprili, akiwa darasa la kwanza, yote juu ya mgongo ule.

"Nilidhani ni ukali wa kijeshi tu," alisema.

Nimehesabu Buku la 5 na la 6 mpaka saa nane usiku. M.M. ipo mara 214. Ya mwisho ni ya Mei 2005.

Jumamosi, 27 Aprili

Sikulala. Alfajiri nimefungua ukurasa wa WASIORUDI na kutazama jina la tano.

Nimefuta ile penseli.

Jumamosi, 18 Mei

Aliyebaki katika waliokwenda vitani na Babu kutoka hapa kwetu ni mzee mmoja wa Ipuli, Sajini Taji mstaafu. Mara mbili nimempigia amekataa kuzungumzia vita kwenye simu. Safari hii nimekwenda mwenyewe, na chupa ya asali ya mizinga ya Babu na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyoyafunga Bibi. Akanipokea kwa "Mwangaluka, mjukuu wa Afande," nikamwitikia, nikampa shikamoo yake. Nilipotoa simu niiweke mezani irekodi, akasema, "Zima hiyo. Ukitaka kuandika, andika kwa mkono, kama yeye." Kwa hiyo haya ni kutoka kwenye maandishi yangu ya mkono, nimeyachapa usiku huu kabla hayajapoa.

Waliondoka stesheni ya Tabora mwezi Novemba 1978 kwa treni ya Mwanza. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, yamevunja daraja la Kyaka, na Amin ametangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba, ile ya uwezo, sababu na nia, waliisikia redioni wamekusanyika messi, na Mzee anasema baada yake hakuna aliyemaliza chakula, si kwa hofu, kila mtu alikwenda kufunga mzigo. Kwenye mabehewa akina mama wa Tabora walikuwa wanapitisha mihogo ya kuchemsha na karanga kupitia madirishani, hawataki hela. Kutoka Mwanza, meli hadi Bukoba.

Kisha mvua. Mutukula ilitekwa Januari, Masaka tarehe 24 Februari. Njia yote hiyo kwa miguu, mzigo mgongoni. Babu wakati huo alikuwa sajenti, na chini yake alikuwa na vijana wengi wa mgambo ambao miezi minne nyuma walikuwa wanalima tumbaku. Alikuwa anapita usiku kwenye mahandaki anawaamsha mmoja mmoja kwa namba, kuhakikisha kila mmoja anaitika.

Tarehe 10 Machi walikuwa Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala, inayopita katikati ya matope na mafunjo. Hapo ndipo walipokutana na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Brigedi ya 201 ya jeshi letu ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kupigana vita ya namna ile, wakarudishwa nyuma. Giza likaingia watu wametawanyika. Babu alipohesabu watu wake akakuta mmoja hayupo, akarudi kumfuata. Kijana wa Sikonge, amepigwa mapajani.

Barabara haikupitika kwa sababu ya moto, kwa hiyo alimbeba kwa kupita ndani ya mafunjo, maji kiunoni. Usiku kucha. Mzee alikuwa mbele yao anatafuta pa kukanyaga. Anasema yule kijana alikuwa anauliza, "Afande, tumefika?" na Babu anajibu, "Bado kidogo." Anauliza tena, anajibiwa tena. Hata Mzee alishazoea, akawa hasikilizi. Karibu na mapambazuko wakatoka kwenye nchi kavu, wakakuta wenzao, wakataka kumpokea mzigo. Babu akasema, "Amelala." Watu wawili ndio waliomfungua mikono.

Siku iliyofuata waliuchukua tena mji. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka. "Babu yako aliingia Kampala na shati lile lile," Mzee alisema. "Alikuwa na jingine kwenye begi."

Nikamwonyesha picha ya ukurasa wa 2003, nikamweleza maana ya M.M. Aliusoma muda mrefu. Akasema hakuwahi kuona daftari hizi, lakini mtoto yule alimwona. Mwaka huo alikuwa mlinzi kwenye ghala karibu na reli, na Babu alimpita kila asubuhi. Siku moja akamwuliza, "Afande, baiskeli unayo, kwa nini usimpakie?" Babu hakusimama. Alimjibu akiwa anakwenda: "Baiskeli haisikii mtoto akinyamaza."

Sina la kuongeza hapo. Nilimaliza chai yangu, naye akanisindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi, 1 Juni

Buku la 7 na la 8 zimekwisha. Kazi inakwenda kasi kwa sababu nimeacha kusahihisha. Awali nilikuwa narekebisha herufi, naweka alama za kituo. Sasa naacha kila kitu.

Kuna mambo madogo ninayotaka yasipotee hata tukishindwa kuyaweka kwenye kijitabu. Kwamba mwaka 2007 aliandika urefu wetu kwa sentimita kila tarehe mosi ya Januari na Julai. Kwamba Na. 11 alipoogopa giza Babu alihamishia kitanda chake ukumbini kwa siku 19, na kila siku ameandika "Lindo la usiku, ukumbini", siku ya ishirini akaandika "Na. 11 ameniondoa lindoni mwenyewe." Kwamba Na. 2 alipofeli darasa la saba, maandishi ya siku hiyo ni mstari mmoja: "1600 Tumekwenda kwenye mizinga, mimi na Na. 2. Hatukuzungumza. Asali nyingi."

Jumapili, 7 Julai

Buku la 11 limekwisha. Na. 4 amefika jana kwa treni kutoka Kigoma pamoja na mwanawe.

Jumatano tulikuwa Sikonge, mimi na Baba Mkubwa. Mzee wa Ipuli alikuwa amekumbuka jina la kijiji cha yule kijana. Tuliuliza kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekaa uani kwa dada yake. Sasa ni bibi kizee. Alikuwa na miaka 15 kaka yake alipopanda lori. Walipewa taarifa mwaka 1979 kwamba amefia vitani, na kwamba mashujaa wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera. Basi. Hajawahi kufika Kaboya, ni mbali na hana uwezo.

Aliuliza swali moja tu, kama alikuwa peke yake.

Nikamwambia hapana. Baba Mkubwa akaeleza yote, kwa Kinyamwezi, taratibu. Nilikuwa nimebeba Buku la 9 nikamfungulia ukurasa wa kwanza. Hajui kusoma. Nikamwekea kidole chake kwenye jina, kisha kwenye zile herufi mbili. Alikaa hivyo, kidole hapo hapo, mpaka chakula kikaletwa.

Njiani kurudi Baba Mkubwa alisema kijitabu kisianze na medali. Kianze na ukurasa wa WASIORUDI, kisha wajukuu, na vita iwekwe mahali pake ndani ya mwaka 2003, hapo kwenye njia ya reli. Sikutegemea yeye ndiye aseme. Shangazi naye amekubali. Picha zitabaki tano.

Alhamisi, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Nakala 20 zimebaindiwa jana usiku, kurasa 88, jalada la kijani.

Kila mwaka tarehe hii Babu alivaa suti ya kijivu, akabandika medali zote mbili, akaweka redio juu ya kiti barazani na kusikiliza sherehe akiwa amesimama, kuanzia tarumbeta mpaka Rais anapoweka mkuki na ngao na Mkuu wa Majeshi sime. Nimekusanya maandishi ya siku hii kwa miaka yote niliyonayo. Karibu yote yanasema "Redio. Nimesimama." Mwaka 2019: "Redio. Nimesimama. Na. 13 amesimama nami, hakuambiwa." Mwaka jana: "Redio. Nimesimama kwa kushika nguzo."

Leo redio iliwekwa kwenye kiti kile kile. Bibi alisema tusiwashe televisheni. Tulisimama sote, wajukuu kumi tuliopo Tabora, watoto wake, Mzee wa Ipuli na fimbo yake. Bibi naye alisimama, Na. 4 amemshika kiwiko. Baada ya dua, Na. 4 akasoma kurasa za mwaka 2003 kwa sauti, siku moja moja, M.M., M.M., na alipofika "amefika hadi 7" mwanawe wa miaka sita akaanza kulisema jedwali la saba kutoka pale alipokaa, maana mama yake alishamfundisha. Alikosea saba mara nane. Mzee akamsahihisha.

Nakala ya Sikonge itakwenda Jumamosi na basi la asubuhi, nitaipeleka mwenyewe. Shangazi ameanzisha mchango wa nauli ili yule bibi afike Kaboya kabla ya masika.

Familia nyingine nane bado. Mzee ana kumbukumbu ya wawili, mmoja wa Urambo na mmoja wa Nzega.

Maandishi ya mwisho ya Babu ni ya 9/11/2023: "1815 Na. 7 amerudi. 2040 Milango imefungwa na Bibi. H.S." Baada ya hapo Buku la 17 lina kurasa tupu 41. Na. 13 aliuliza kama anaweza kuendelea kuandika humo. Bibi amesema hapana, zibaki hivyo, na kama anataka akanunue lake. Jioni hii hii Na. 13 amenunua dukani kwangu kaunta buku moja ya kwaya mbili, amelipa kamili, amekataa punguzo.

Yamebaki manne na nusu: Buku la 12 nusu, la 13, la 14, la 15 na la 16. Jumatatu naendelea.